Mwaka Tulioivika Sakafu Nguo

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya binamu yangu mtaani Mwembesongo, vijana wawili waliofanana kama shilingi kwa ya pili walinijia nikiwa nimekaa pembeni nasubiri pilau. Walikuwa wameshanipita kimo. "Shikamoo, Dada Tatu," walisema kwa pamoja, na kabla sijaitikia, mmoja wao akavua kiatu, akamshika mwenzake bega, akaniinulia unyayo. "Nimefuta," akasema. Wageni wa pale karibu walidhani kijana ameingiwa na wazimu. Mimi nilicheka mpaka soda ikanipitia puani, na mama mmoja nisiyemjua akawa ananipiga mgongoni huku akiuliza kwani kuna nini. Ningemweleza vipi? Hao walikuwa Kulwa na Doto. Mwaka ninaouandika hapa walikuwa watoto wa miaka minne, na kila asubuhi walisimama mlangoni kwa Mama Mdogo Mwanaidi wakaninyanyulia nyayo zao nizikague, kwa sababu ndani mle kulikuwa na sakafu iliyoheshimiwa kuliko watu.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Nilishuka kutoka Mgeta juu ya lori la kabichi nikaja kukaa kwa Mama Mdogo, na kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia ukumbini kilikuwa dirisha. Sikuliona ukutani, nililiona chini. Sakafu ile ilikuwa ya saruji iliyochanganywa na rangi ya damu ya mzee, na Baba Mdogo Ramadhani alikuwa ameimwaga mwenyewe, akailainisha kwa mwiko, akaipaka polishi na kuisugua kwa kumbi la nazi mpaka ikarudisha mwanga kama maji ya kisima. Dirisha lote lilionekana ndani yake, na pazia, na kipande cha mlima. Nilisimama na mfuko wangu nisijue pa kuweka mguu. Kwetu nilizoea sakafu ya udongo, ambayo mtu huikanyaga bila kuiomba ruhusa. Ile ya Mwembesongo niliona kama nitazama.

Ndani ya ukumbi huohuo Mama Mdogo alikuwa akilea watoto wa majirani. Mama zao walikwenda sokoni na vibaruani alfajiri, wakawaacha kwake mpaka jioni. Yeye na Baba Mdogo walikuwa bado hawajajaliwa mtoto, na jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani, ila ungemwona Mama Mdogo anavyowapangia vikombe vya uji asubuhi, akigeuza kila mkono wa kikombe uelekee kwa mwenyewe, ungelijua bila kuambiwa. Watoto waliburuta viti. Walichezesha gololi, na pia za mti zenye misumari. Kulikuwa pia na mwanambuzi aliyefiwa na mama yake, ambaye Bibi, mama yake Mama Mdogo, alimshusha kutoka milimani ndani ya kapu, akanyweshwa maziwa kwa chupa hadi akaamini kabisa kwamba na yeye ni mtoto wa watu. Majirani walimwita Mwenyekiti, kwa sababu aliingia kila nyumba bila kubisha hodi na akikaa hakubali kuondolewa. Kwato zake juu ya saruji zililia ko, ko, ko, na kila alipokata kona aliteleza na kuacha mchirizi.

Baba Mdogo hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa mashamba ya miwa, mwenye mikono mizito na sauti ndogo. Jioni alichuchumaa ukumbini akasugua kila mchubuko kwa kidole gumba, polepole, kama anayemkanda mgonjwa. Alipokuwa anafunga mzigo wake kurudi kazini, kiwanda cha sukari kikikaribia kufunguliwa baada ya masika, nilimsikia anamwambia mkewe, "Mwanaidi, mimi na hawa watoto sina ugomvi. Lakini nikirudi masika ijayo nikaikuta sakafu imechubuka kuliko hivi, watafutiwe pengine. Sitaki tugombane." Mama Mdogo alijibu, "Sawa, baba," akaendelea kukunja shati. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Nami nilikuwa nimesimama jikoni na sufuria mkononi. Nilikuwa msichana wa aibu mno wakati ule. Mtu mzima akinisemesha nilitazama vidole vyangu vya miguu. Kwa watoto tu, na kwa mbuzi, ndiko maneno yangu yalikotoka bila kukwama. Watoto wakiondoka, nilijiambia, nitazungumza na nani?

Basi tukaingia vitani kuilinda sakafu. Tulikata ndala kuukuu tukaipigilia miguu ya viti vyote, hata kigoda. Tulitandika gunia mlangoni na beseni la maji kando yake, viatu vikabaki nje, na hapo ndipo ukaguzi wa nyayo ulipoanza. Gololi na pia tulizihamishia uani. Tulitandika mkeka, Mwenyekiti akaula kuanzia ukingoni. Tukatandika kapeti la plastiki. Kulwa akalikojolea, mkojo ukapita chini, na tulipoliinua baada ya siku chache harufu ilitutoa nje sote, na saruji pale ilikuwa imepauka. Mwenyekiti naye tulimshonea soksi nne kwa mikono ya sweta la zamani. Alipovishwa, alisimama katikati ya ukumbi bila kutikisika, akitutazama mmoja mmoja kwa masikitiko, halafu akaanza kuinua miguu juujuu kama askari wa gwaride. Mama Mdogo alikaa chini kwa kucheka. Soksi zilidumu mpaka mchana, kisha zikafuata njia ya mkeka.

Kila Ijumaa baada ya swala Baba Mdogo alipiga simu, na Mama Mdogo aliiweka sauti wazi aendelee kuchambua mchele.

"Haya, mke wangu. Sakafu haijambo?"

"Haijambo, inakusalimu. Na mimi sijambo, ahsante kwa kuniuliza."

"Nawe pia, nawe pia. Mbona nasikia ko-ko-ko?"

"Tatu anakata vitunguu."

"Anavikatia chini?"

Watoto wakaangua kicheko nyuma ya mlango, na Mama Mdogo akajifanya mtandao umekatika. Lakini simu ikishazimwa uso wake ulibadilika. Kutoka mlangoni hadi dirishani palikuwa pameshachorwa njia nyeupe, na ukipitisha kiganja juu yake kilitoka na unga. Mchanga wa nyayo za watoto ulikuwa unasugua kama msasa, tufute tusifute. Dirisha halikuonekana tena sakafuni. Nikaanza kumwona Mama Mdogo akimtazama kila mtoto kwa muda mrefu kuliko kawaida, hasa wakati wa kulala mchana.

Bibi alishuka kutoka Mgeta wakati wa vuli na gunia la njegere. Aliingia, akaona ile njia nyeupe, akaona ndala chini ya viti, akaona gunia na beseni, akauliza kwa lafudhi yake ya milimani, ya kuinua neno la mwisho, "Huyu mgonjwa anaumwa nini?" Usiku ule walikaa jikoni wakimenya njegere, mimi nikiwa upande wa pili wa pazia nimejilaza. Nilisikia Bibi akisema sakafu iko uchi, ndiyo maana inapata makovu. Sakafu inataka nguo. Isiribwe udongo juu, watoto wachakaze udongo, Ijumaa usiribwe mwingine, saruji ilale salama chini yake. "Sisi tumelea mbuzi na watoto ndani ya nyumba moja maisha yote, na sakafu zetu hazijaisha," alisema. Nilisikia tu njegere zikidondoka bakulini. Halafu Mama Mdogo akasema, "Mama, umesahau Ramadhani aliniahidi nini aliponichumbia?"

Sikuwa nalijua jambo hilo, na sidhani kama nilitakiwa kulijua. Kumbe Baba Mdogo alipokwenda kuposa kule juu, alimkuta Mama Mdogo amepiga magoti anasiriba nyumba ya Bibi, mikono mpaka viwiko imejaa udongo, na magoti yake yamekuwa magumu na meusi kama kisigino. Akamwambia mbele ya wazee kwamba akiolewa naye, magoti yale hayatagusa udongo tena. Alifanya kazi misimu kadhaa ndipo akanunua ile saruji. Kwa hiyo sakafu haikuwa sakafu tu. "Akija akakuta nimeupaka udongo juu ya ahadi yake," Mama Mdogo alisema, "ataona nimemtemea mate." Bibi akajibu, "Na akija akakuta imekwisha?" Nami nyuma ya pazia nilijikuta naomba Mungu kwa maneno yangu mwenyewe, ya Kiswahili cha kawaida, kwamba watoto wasiondoke.

Asubuhi Mama Mdogo alitoka amejifunga kanga kiunoni. "Tatu, chukua jembe," akasema. Tulichimba udongo wa kichuguu nyuma ya nyumba, tukachanganya na majivu yaliyochekechwa na samadi kidogo ya ng'ombe tuliyopewa na jirani anayefuga. Bibi alisiriba ukumbi wote kabla ya adhuhuri, akienda kinyumenyume kuelekea mlangoni, mkono wake ukichora nusu duara juu ya nusu duara. Ulipendeza ajabu. Watoto tuliwaweka uani mpaka ukauke. Tulipowafungulia, walikimbia kama kawaida yao, na sakafu yote ikaanza kuinuka chini ya miguu yao, vipande vikubwa, vyembamba, kama ukoko wa ugali unavyoachana na sufuria. Bibi alikuwa hajawahi kusiriba juu ya polishi. Kule juu hakuna polishi. Doto alibeba kipande kikubwa kuliko kichwa chake akampelekea mama yake aliyekuwa amefika kuwachukua.

Mama Kulwa, mama wa wale mapacha, alikuwa mjamzito wakati ule, na wajawazito na udongo mnajua wenyewe. Alikipokea kipande, akakinusa, macho yakamlegea, akakimega pembeni akatia mdomoni.

"Wewe!" Bibi akapiga kelele. "Kina samadi!"

Mama Kulwa alitafuna mara moja zaidi, kama anayetaka kuhakikisha. "Ndiyo maana kina chumvi," akasema, kisha ndipo akatema, tena mbali sana, akakimbilia beseni la nyayo kusukutua. Nimepata vicheko vingi maishani lakini kile cha siku ile nakikumbuka kwenye mbavu. Bibi alicheka akiwa amekaa katikati ya kazi yake iliyobomoka, machozi yakimtoka, akisema, "Jamani, mjini kwenu udongo unaliwa na watu, sakafu ndiyo inaukataa!"

Lakini kosa lilishajulikana. Ili udongo ushike, polishi ilibidi itoke. Hiyo ndiyo kazi iliyomuumiza Mama Mdogo. Tulisugua kwa majivu na sabuni ya unga, na kila tulipopita, ule mng'ao uliobakia kwenye kona na chini ya kabati ulizimika. Alifanya kona ya mwisho peke yake, hakutaka msaada. Tuliposiriba mara ya pili, tukapaka nyembamba, tukaacha ikauke taratibu madirisha yakiwa yamefungwa, ilishika. Watoto walikimbia juu yake, haikuinuka. Mwenyekiti aliingia, akajiandaa kuteleza kwenye kona aliyoizoea, asiteleze. Alisimama akaitazama miguu yake. Na ule mlio wake, ko, ko, ko, ulikuwa umekwisha. Tulimsikia sasa kama mtu anayetembea na soksi.

Upinzani ulitoka kwa mama wa Shufaa, mtoto wetu mdogo kuliko wote. Alifika mlangoni asubuhi ya pili, akachungulia, akamrudisha mtoto mgongoni. "Mwenzenu namtoa mwanangu kwenye vumbi la kwetu, nije kumlaza kwenye samadi?" Mama Mdogo alikuwa uani, Bibi alikuwa ameshapanda lori kurudi kwake. Nilikuwa peke yangu na gunia langu la kufutia nyayo. Mpaka leo sijui sauti ilitoka wapi. "Mama Shufaa," nikasema, na nikamtazama usoni, "vua viatu uingie unuse." Akanitazama kama ambaye ameona kiti kikiongea. Alivua viatu. Alipiga magoti, akainamisha pua mpaka karibu iguse, akakaa hivyo kidogo. "Kunanukia mvua," akasema. Akamshusha Shufaa mgongoni. Tangu siku hiyo nikawa nawasemesha mama wote pale mlangoni, nani amekula, nani amekohoa, nani leo amemng'ata mwenzake, na nilipokuja kugundua kwamba sitazami tena vidole vyangu, mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

Ijumaa ikawa sikukuu yetu. Wakati watu wako msikitini, sisi tulisiriba. Mama Mdogo alishika upande wa dirisha, mimi wa mlango, na watoto tuliwapa ukanda wao ukutani waufanye wanavyotaka. Kulwa alichora samaki. Shufaa alikuwa akipaka tumbo lake kuliko sakafu. Tukimaliza tunanawa, tunakula wali na njegere uani, tumekaa mstari mmoja na matako yenye udongo, tunangoja ikauke. Simu ikilia saa hizo Mama Mdogo alifuta mkono kwenye kanga.

"Sakafu haijambo?"

"Imejifunika, imelala."

"Imejifunika nini?"

"Ukija utaiona, baba." Na akikata simu alikuwa anatazama magoti yake.

Masika ilipoanza kunyesha kule milimani, tulijua siku yoyote kiwanda kitafungwa. Mama Mdogo alipanga kwamba akisikia yuko njiani, tutaosha ukumbi wote, tuirudishie polishi, na udongo tuutaje taratibu, baada ya kula. Baba Mdogo hakupiga simu. Alitaka kumshtukiza mkewe. Alifika mchana wakati watoto wamelala, wote chini, wamesambaa juu ya udongo bila mkeka kwa sababu joto lilikuwa kali na sakafu ile ilikuwa na ubaridi mzuri, Mwenyekiti katikati yao amekunja miguu. Nilikuwa nawapepea wadogo. Niliinua macho, nikamwona kwenye mlango na begi begani, anatazama chini. Akatazama nje, kama anayehakikisha kwamba nyumba ni yake. Mama Mdogo alitokea jikoni na mwiko wa mboga mkononi, akaganda.

"Mwanaidi," Baba Mdogo akanong'ona, maana hata yeye alijua watoto waliolala hawaamshwi. "Sakafu yangu iko wapi?"

"Ipo," Mama Mdogo akanong'ona.

"Hii ni udongo."

"Ni udongo."

"Niliahidi nini mimi? Mbele ya wazee! Niliahidi nini?" Aligombana kwa pumzi tu, mishipa ya shingo imemtoka, na hakuna sauti. Sijawahi kuona ugomvi wa namna ile. "Watu wakiingia humu waseme Ramadhani kashindwa, kamrudisha mkewe kwenye matope?"

"Punguza, unamwamsha Shufaa."

"Nimepunguza! Hapa nilipo nimepunguza!"

Mama Mdogo aliweka mwiko juu ya kabati. Alichukua kitambaa kilicholowa kwenye beseni, akaruka miguu ya watoto mmoja baada ya mwingine mpaka kwenye kona karibu na dirisha, akapiga magoti, akasugua. Udongo ukayeyuka, ukawa tope. Akaufuta. Chini yake rangi ya damu ya mzee ikatokea, imelowa, laini, haina mchubuko mpya hata mmoja. Baba Mdogo alivua viatu. Alipita kwa vidole vya miguu katikati ya watoto, na mwili wake ule mkubwa, akachuchumaa kando ya mkewe, akakipitisha kile kidole gumba chake palepale. Akakipitisha tena. Kisha akakipitisha juu ya udongo uliobaki.

"Hukunivunjia ahadi," Mama Mdogo akanong'ona. "Uliniahidi nisisiribe kwa kukosa. Mimi sijakosa. Nasiriba kwa ajili yao."

"Magoti yako je?"

"Yanauma kidogo Jumamosi. Jumatatu hao wakiingia, siyakumbuki."

Alibaki amechuchumaa, kidole gumba kikiwa juu ya udongo. Mvua ilikuwa inakuja, ukumbi umeanza kuingia giza, na nilijua kwamba neno litakalofuata ndilo litakaloamua kila kitu. Pepeo ilikuwa imesimama mkononi mwangu. Shufaa akafumbua jicho moja, akamwona mtu mzima asiyemjua, akasema kwa sauti ya usingizi, "Umefuta miguu?" Baba Mdogo akatazama nyayo zake. Akamwinulia mtoto unyayo mmoja, kwa utiifu kabisa. Shufaa akaukagua, akafumba jicho.

"Waache walale," Baba Mdogo akasema.

Hakusema zaidi. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, na sakafu ilikuwa na ubaridi. Alijinyoosha palepale kwenye nafasi iliyokuwa kati ya Doto na mbuzi, akaweka mkono chini ya kichwa, na kabla Mama Mdogo hajarudi jikoni alikuwa anakoroma. Mvua ilinyesha ikakatika. Jioni Mama Kulwa alifika kuchukua wanawe, mtoto mchanga mgongoni, akavua viatu, akasimama kizingitini akawahesabu waliolala kwa macho, kisha akanigeukia na nyusi juu.

"Na huyu mkubwa wa nani?"

"Huyo wangu," Mama Mdogo akajibu kutoka jikoni. "Huyo analala hapahapa. Chukua wako."